Mzimu wa mahame na mji uliomezwa na bahari

Najua nimepotea. Kuna walioanza kuniuliza pale kantini kama nimeacha kuandika au nimepata mchumba. Hakuna hata moja kati ya hayo. Mitihani ilinikaba, na ilipoisha nikasafiri mara mbili, kwanza Mafia, halafu nyumbani Singida. Leo umeme upo, bando lipo, na jamaa wa chumbani kaenda kuangalia mpira, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma. Hii ni ndefu.

Mada ni mizimu. Msicheke.

Anayenijua anajua mimi ni Mnyaturu wa kule kwenye alizeti, kuku wa kienyeji na mawe makubwa yaliyopangana kana kwamba kuna mtoto wa jitu aliyekuwa akichezea. Mji wetu uko katikati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na ukitoka mjini kuna vijiziwa vingine vidogo ambavyo kiangazi vinabaki magadi meupe na masika vinarudi kuwa ziwa. Kwenye ukingo wa kimojawapo ndiko yalipo mahame yetu. Kwa wale wa Dar ambao hamlijui hili neno, mahame ni mahali watu walipokaa wakahama. Unakuta misingi ya tembe iliyoyeyuka na mvua, jiwe la kusagia limepasuka, mti wa kivuli bado umesimama, na makaburi. Babu yangu mzaa baba amelala pale, na baba yake, na watoto kadhaa ambao hawakupata kukua.

Tangu nikiwa mdogo nimeambiwa usipite pale baada ya jua kuzama. Kuna taa zinatembea chini chini, hazina mtu. Kuna mtu anafagia usiku, unasikia kabisa ufagio, fyaa, fyaa. Kijiji kizima kinajua. Mchungaji wa mbuzi akichelewa anazunguka kilomita mbili nzima ili asipite kwenye mahame yetu. Shuleni nilitaniwa sana, "mtoto wa kwa mizimu". Basi nikaja chuo, nikachagua historia, nikajifanya msomi, nikasema hayo ni mambo ya ushamba.

Mwezi wa tano baba akapiga simu. Bibi kasema akifa azikwe mahame, pembeni ya babu. Ukoo umegawanyika. Baba mdogo anasema hapana, pale ni porini, pana mashetani, na isitoshe zile mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipojaza maziwa yote ya Afrika Mashariki, hata kile kijiziwa chetu kilipanda, kikafika karibu na makaburi. Akizikwa pale, masika nyingine ya namna hiyo itamchukua. Shangazi anasema basi tuwafukue waliopo tuwalete kwenye makaburi ya kijiji. Bibi hataki hata kusikia. Baba akamaliza kwa kusema, "Wewe si ndiye unasoma mambo ya kale huko? Utatushauri."

Jamani. Mimi nashauri nini?

Katika kuhangaika na hilo ndipo nikaangukia kwenye habari ya Kisimani Mafia. Darasani tuna jamaa wa Mafia, tunamwita Nahodha ingawa anatapika hata kwenye daladala. Nikamweleza habari ya makaburi na maji. Akaniambia, "Nyie mnaogopa kaburi moja? Kwetu mji mzima umezama." Likizo ilipoanza akanibeba. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni. Kuhusu safari ya boti sisemi kitu, mtu wa bara ana heshima zake.

Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Mafia, inatazamana na mdomo wa Rufiji. Ukifika hapo ukiwa umetarajia magofu utavunjika moyo. Ni mchanga, minazi, na bahari. Ila maji yakitoka, inama. Chini ya miguu yako ni vigae. Vipande vya vyungu, vingine vyekundu vya udongo wa hapa hapa, vingine vyenye rangi inayong'aa vilivyotoka ng'ambo. Unatembea juu ya jikoni za watu. Ule mji ulikuwa hapo, na ardhi iliyoubeba imeliwa na bahari kidogo kidogo mpaka kilichobaki ni hicho.

Na ulikuwa mji kweli, si kijiji. Tarikh ya Kilwa, ile historia ya zamani ya masultani ambayo João de Barros Mreno aliiweka kwenye kitabu chake cha 1552, inasema mtawala wa kwanza wa Kilwa, Ali bin al-Hasan, alimpa mwanawe utawala wa Mafia. Yaani tangu mwanzo wa dola ya Kilwa, Mafia ilikuwa ya kutawaliwa na mtoto wa mkubwa. Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale wa Tanganyika wakati wa Mwingereza, alichimba hapo Kisimani na kitabu chake kikatoka 1961. Alikuta msikiti, vyungu, na sarafu za masultani wa Kilwa. Nilikisoma maktaba kabla ya kusafiri, kitabu chembamba tu, na muda wote nilikuwa najiuliza kwa nini kinaharakisha hivi. Nilipofika pale nikaelewa. Mtu anachimba huku bahari nayo inachimba upande wa pili.

Sasa hiyo ni habari ya vitabu. Wenyeji wana yao.

Wanasema Kisimani na mji mwingine uitwao Kua, ulioko kisiwa cha Juani upande wa pili, walikuwa hawapatani. Siku moja watu wa Kisimani walimaliza kuunda jahazi kubwa wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha majini. Watu wakaja na watoto wao. Karamu ikiwa imepamba moto, wenyeji wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani mbele ya jahazi, na jahazi likashushwa baharini juu ya miili yao.

Watu wa Kua hawakusema kitu. Walikaa miaka saba, minane. Mambo yakatulia, watu wakasahau, au wakadhani wamesahauliwa. Ndipo nao wakatuma mwaliko, kuna harusi Kua, karibuni. Wageni wakaingizwa katika chumba kilichoandaliwa chini ya nyumba. Chakula kikaletwa, mazungumzo yakanoga. Mwenyeji mmoja akatoka kwenda kuangalia pilau, mwingine akamfuata, na mwingine, mpaka akabaki mzee mmoja tu anawachangamsha wageni kwa hadithi. Huku nje mafundi wanajenga. Mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa, taratibu, bila kelele, na mzee yule ndani pamoja nao. Kisha Kua wakapeleka ujumbe kwa mkubwa wa Kisimani kwamba hesabu imefungwa. Haukupita mwezi, bahari ikaja ikaimeza Kisimani.

Nahodha alinisimulia hayo usiku, tumelala kwa shangazi yake, na taa imezimwa. Nilikaa macho nikimfikiria yule mzee. Hawa wengine waliingia bila kujua. Yeye alikuwa anajua, akakaa, akaendelea kusimulia. Sijui kama niite ushujaa au nini.

Ipo na nyingine, kwamba mkubwa wa Kisimani aliamuru fundi aliyemjengea akatwe mikono ili asije akajenga jengo zuri kama lile mahali pengine, na miezi michache baadaye bahari ikaingia. Hii mimi inanipa mashaka, kwa sababu hadithi ya fundi aliyekatwa mikono au kupofushwa inasimuliwa Taj Mahal kule India na kanisa la Mtakatifu Basili kule Moscow. Inasafiri kama wimbo mzuri. Lakini tazama, zote mbili zinasema jambo moja, kwamba mji haukuzama hivi hivi, ulizama kwa sababu ya kitu ulichomfanyia mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kujitetea. Tarikh ya Kilwa ina majina ya masultani. Haina jina la mtoto hata mmoja, wala fundi.

Kesho yake tukaenda Kua. Hii inabidi uangalie maji, kwa sababu ukikosa bamvua mnabaki mmenasa kwenye mikoko. Tulipitia Chole kwanza, kisiwa kidogo kilichowahi kuwa ndiyo mjini Mafia nzima. Mwaka 1890 Wajerumani waliponunua pwani kwa Sultani wa Zanzibar kwa marki milioni nne, Mafia iliingia kwenye mzigo, wakaweka makao yao Chole, na 1913 wakahamia Kilindoni ambako meli zinafika. Sasa Chole ina magofu ya Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi, na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kama miavuli iliyosahauliwa. Huo nao ni mji uliohamwa, ukitaka. Mafia wana mahame kila upande!

Kua ndiyo inatisha. Kuna nyumba ya mtawala yenye kuta ndefu, kuna misikiti, kuna makaburi, na mibuyu imeota katikati ya sebule za watu. Ukuta umesimama, dirisha lipo, lakini ukichungulia ndani unaona mti. Kuna mahali nilikuta chupa ndogo ya marashi na kitambaa. Mzee aliyetupeleka akaniambia nisikiguse, hapo ni mzimuni. Hapa nikajifunza kitu. Sisi wa bara tukisema mzimu tunamaanisha mtu aliyekufa anayekusumbua. Yule mzee alisema mzimu kwa maana ya mahali, pale unapokwenda kuomba, kuweka nadhiri, kuacha ubani. Hakuwa akiogopa hata kidogo. Alivua viatu, akasalimia, akaendelea na simu yake.

Nikamwomba anionyeshe kile chumba cha harusi. Akacheka. "Mwanangu, kila mgeni anataka chumba."

Nikiwa msomi wa mwaka wa pili nisiyejua kunyamaza, nikaanza kumweleza kwamba majengo mengi yanayosimama Kua ni ya karne ya 18, na enzi nzuri za Kisimani ni za masultani wa Kilwa, karne nyingi nyuma, kwa hiyo miji hii miwili kuchinjana watoto kama majirani ina matatizo ya tarehe. Na kwamba Kua haikuuawa na laana, iliuawa na Wasakalava wa Madagaska waliokuja na mitumbwi, mwaka ambao wengi huandika kuwa 1829, wakaua na kubeba watu kwenda utumwani, na waliosalia wakahamia Chole. Na kwamba kuzama kwa Kisimani kuna watu wanakuhusisha na kile kimbunga cha Aprili 1872 kilichovunja Zanzibar na Bagamoyo, lakini mchanga wa ncha kama ile huliwa kila mwaka, hauhitaji kimbunga kimoja.

Mzee akasikiliza yote. Kisha akaniuliza, "Hao Wasakalava, waliwazika watu waliowaua?"

Nikasema sidhani.

"Sasa wako wapi?" Akaonyesha kidole pale pale tuliposimama.

Basi. Nikanyamaza mpaka Utende.

Kabla sijaondoka Mafia niseme kidogo kuhusu Rhapta, maana najua kuna mtu ataniuliza. Rhapta ni soko lililoandikwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka elfu mbili iliyopita, mahali fulani pwani yetu, na hakuna aliyelipata kwa uhakika. Profesa Felix Chami wa hapa hapa Mlimani amelitafuta miaka mingi maeneo ya delta ya Rufiji na Mafia. Mwaka 2016 zikavuma habari kwamba kuna mzamiaji ameona kitu kama kuta chini ya bahari karibu na Mafia. Magazeti yakasema mji uliozama umepatikana. Mimi nasubiri mtu achimbe. Mawe ya bahari yanajua kujipanga mistari yenyewe.

Nikarudi Dar, nikapanda basi la Singida. Saa kumi na moja na zaidi njiani, muda wa kutosha kufikiria.

Nyumbani kwetu kuna hadithi nyingine ya kutisha ambayo si mchezo, nayo ni ya watu-simba. Hii iko kwenye kumbukumbu za serikali ya mkoloni. Kati ya 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilikumbwa na mauaji, watu wanakutwa wamechanwa kwa makucha, na ikasemwa si simba, ni watu waliovaa ngozi, au watoto waliofungiwa gizani na kulelewa wakawa kama wanyama, wanakodishwa na mwenye kisasi au mwenye ugomvi wa mali. Polisi wakamwagwa, kesi zikaendeshwa, na watu wakanyongwa. Mwaka 1962 Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu kufanya utafiti, aliandika makala ya kuliangalia upya suala lote, maana simba wa kweli nao walikuwepo, na kutenganisha kipi kilifanywa na simba, kipi na mtu, na kipi na hofu, si kazi ndogo. Ninachotaka mshike ni kwamba kizazi cha bibi yangu kilizaliwa katikati ya hiyo. Bibi mwenyewe haijui tarehe yake, anasema tu alizaliwa "mwaka wa simba". Kwao kutotembea usiku haikuwa adabu ya watoto. Ilikuwa ni kuishi au kufa.

Nilimkuta amekaa nje anapepeta ulezi. Amepungua. Nilimpigia magoti, tukasalimiana kwa kirefu, akaniuliza kama huko Dar bado wanauza maji ya kunywa kwenye chupa, nikasema ndiyo, akasikitika. Jioni nikamweleza habari za Kisimani. Mtoto wa mtu anakwenda kuona mji uliozama, lazima asimulie. Nikamwambia yote, jahazi, watoto, chumba, yule mzee. Alipenda sana yule mzee. Alinirudisha nyuma mara mbili nimsimulie tena anavyobaki peke yake.

Kisha nikamwuliza moja kwa moja. "Bibi, hujaogopa kuzikwa pale? Na zile taa? Na yule anayefagia?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji. Akasema, "Mjukuu wangu, anayefagia ni mimi."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mnakumbuka ile ya darasani, Operesheni Vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Singida ilifika kwetu 1974. Tumeandika insha juu ya jambo hili, sababu, mafanikio, changamoto, hitimisho, tukapata alama zetu. Bibi hana mafanikio wala changamoto. Ana siku moja. Lori lilikuja asubuhi, wakapewa muda wa kutoa vyombo, paa la tembe likabomolewa ili wasirudi, na jioni walikuwa wamekaa kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, mstari mnyoofu, jirani asiyemjua kushoto na kulia. Babu alikuwa amekufa miaka mitano nyuma. Mazao yalikuwa bado shambani.

Wakakatazwa kurudi. Mchana kuna kazi ya kijiji na majina yanaitwa. Kwa hiyo alikwenda usiku, yeye na wake wenza wa ukoo wawili, na vibatari. Walianza kwa ajili ya uwele uliokuwa umekomaa, maana kiwanja kipya hakikuwa na kitu na watoto walikuwa wanalia. Baba yangu ni mmojawapo wa hao watoto waliokuwa wanalia, alikuwa na miaka minane. Wakishavuna, kabla ya kurudi, wanafagia makaburi. Na waliposikia watu wameanza kusema kuna mizimu mahame, taa zinatembea, hawakubisha. "Tukaongeza," alisema. Mmoja wao alikuwa anajua kulia kama fisi. Yaani bibi zangu hawa!

Nilimwuliza, na simba je? Mwanamke aliyezaliwa mwaka wa simba anatembea porini usiku na kibatari? Akasema, "Niliogopa kila siku. Njaa hairuhusu uoga kuchagua." Kisha akaendelea kupepeta.

Uwele uliisha mwaka ule ule. Kufagia hakukuisha. Baada ya miaka, amri zilipolegea na watu wakaanza kurudi kulima mashamba ya zamani, kila mtu alirudi kulima mahame ya kwao, na mengine yakalimwa na wasio wenyewe, makaburi yakapitiwa na jembe la ng'ombe. Ya kwetu hayakuguswa. Nani alime kwa mizimu? Ndiyo maana mpaka leo mti upo, jiwe la kusagia lipo, makaburi yanaonekana. Wale wake wenza wawili wamekwisha tangulia. Amebaki yeye peke yake na siri hiyo, na alikuwa bado anakwenda, mara moja moja, mpaka miguu ilipokataa. Baba yangu hakuwa anajua. Alikuwa amekaa pale pembeni na mimi, mtu wa miaka karibu sitini, na uso aliouweka siwezi kuueleza.

Nilitaka kumwambia kuhusu yule mzee wa Kua na viatu vyake, kwamba kumbe nyie ni kitu kimoja, lakini alikuwa ameshasinzia.

Asubuhi nikaenda mahame na baba. Mara yangu ya kwanza kufika pale karibu, na nina miaka ishirini na mbili. Pamefunikwa nyasi sasa, miaka miwili hajafagia mtu. Tukapima kwa hatua. Kutoka ukingo wa maji ya sasa mpaka kaburi la kwanza, la watoto, ni hatua themanini na kitu. Kutoka ule mstari mweupe wa magadi ulioachwa na maji ya 2020, ni hatua kumi na moja. Kaburi la babu liko juu zaidi, kwenye kamwinuko, kama hatua thelathini. Ukisimama pale unaona baba mdogo hajakosea. Maji yanakuja, si leo, ila yanajua njia. Na bibi naye hajakosea.

Nilijaribu kuwa mshauri. Nikasema labda bibi azikwe pembeni ya babu kwa upande wa juu, na wale watoto wa chini ndio wasogezwe, kabla ya masika. Baba akauliza, nani atakayekubali kuwagusa watoto wa mahame yenye mizimu? Nikasema, mwambie bibi awaambie watu ukweli. Baba akafikiri muda mrefu.

"Akiwaambia," alisema, "mwaka kesho watalima hapa."

Hilo sikuwa nalo jibu, na bado sina. Nimelipeleka kwa Nahodha, akasema kwao Kua hakuna aliyewahi kuthubutu kubeba mawe ya kujengea, na serikali haikuweka hata mlinzi. Nimelipeleka kwa jamaa wa chumbani anayesoma sheria, akaanza kunieleza sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 nikamwomba anyamaze. Kama kuna mtu hapa kwao waliwahi kuhamisha makaburi, au waliwahi kuyaacha maji yachukue, aniambie mlifanyaje na wazee walisemaje. Nauliza kweli.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, na safari hii bibi kasema atakaa mwenyewe mbele. Narudi Singida Alhamisi kwa basi la alfajiri. Baba kaniagiza nije na kamba ya mita hamsini, na bibi kaagiza ufagio wa chelewa, wa pwani, kasema ule wa kwetu unakatika haraka.